Niliuliza Kuhusu Kuteremka

Muuzaji alinionyesha lile jekundu kwanza,
pikipiki la miguu minne, pana kama ng'ombe mwenye mimba.
"Sisi mia saba," akasema, akalipiga kofi ubavuni.
Nikadhani anahesabu watu.
Sisi, nikamwambia, tuko kumi na wanne.

Obedi mwanangu alikwisha kulikalia,
macho yake yako mbali, yako tambarare,
kitu ambacho Matamba hatuna.
"Mama, hili likipanda mlima, mlima unasogea!"

Mimi niliuliza kuhusu kuteremka.

Kupanda, bwana, hata punda anapanda.
Kuteremka ndipo gunia linapokumbuka kwamba lina uzito,
likakusukuma kisogoni
kama mdai aliyechoka kungoja.

Shamba letu la juu liko pale ukungu unapolala.
Kutoka hapo hadi barabara ya gari ni saa nzima:
ngazi za mizizi, kijito kisicho na daraja,
halafu ule mteremko tuuitao Vunja Chungu.
(Aliyeupa jina alivunja nyonga,
ila chungu ndicho kilichotajwa, kwa heshima.)
Mwezi wa tatu tope la pale si tope, ni mdomo.
Limekula buti la bwana kilimo.
Limekula guta la Luvanda hadi kwenye ekseli,
likakaa wiki mbili, kuku wakataga ndani.

Nikafungua daftari la kikundi.
Hisa za kila Alhamisi, misimu minne ya viazi,
noti zinazonuka pareto na moshi.
Sikuja kununua mbio.

Lina giya nzito, ya kutambaa?
Magurudumu yanavuta yote manne, au mawili yanaigiza?
Tairi likipasuka Ijumaa, spea iko Mwanjelwa au iko Uchina?
Muuzaji akazungusha funguo kidoleni.
Akasema lipo na la bluu.

Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na jingine.
Kijani, kuukuu, la mtu wa mbao kutoka Mafinga,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu,
injini nusu ya lile jekundu.
Lakini kerieri yake chuma cha kuchomelea,
na mbele winchi, waya umezungushwa vizuri
kama nywele za mtoto siku ya ubatizo.
Fundi Asegelile, kimya muda wote,
akafuta mikono, akasema neno moja:
"Linatambaa."

Nilikuja na gunia langu. Ndiyo, kutoka nyumbani,
kona hamsini na saba hadi Chimala, likinilalia miguuni.
Lumbesa, lenye kilemba,
maana mnunuzi wa viazi haji na gunia la kitabuni.
Tukalifunga. Fundi akaingia korongoni nyuma ya gereji,
giya ya kwanza, mkono haujagusa breki,
na lile dude likashuka likinung'unika,
likipima kila jiwe kabla ya kuliamini.

Obedi hakuniongelesha hadi Igurusi.
Pale akasema: "Lile jekundu lilikuwa na taa sita."
Nikamnunulia mahindi ya kuchoma.

Sasa ni mwezi wa tatu.
Linabeba moja mgongoni, mawili kwenye trela.
Shingo yangu imeanza tena kugeuka kushoto;
kata nimeitundika mlangoni, panya wanaikata.
Kapeto, punda wetu, hulitazama likipita
kwa jicho la mfanyakazi wa zamani
aliyeletewa msaidizi.

Na Vunja Chungu?
Obedi huteremka amekaa wima kama mwalimu mpya.
Mimi hutembea nyuma, jiwe la kuzuia tairi mkononi,
lile lile la enzi za mkokoteni.
"Mama, breki zipo!" hupaza sauti.
Najua zipo. Nilizichagua mwenyewe.
Jiwe siliachi.